Mashine ileile, maji mengine: kisa cha bibi harusi na stima ya uso

Simu iliingia Jumamosi baada ya magharibi, na aliyepiga ni shangazi, si bibi harusi mwenyewe. "Mwanangu, hebu njoo uione mashine yenu ilivyomfanya huyu mtoto." Hilo "yenu" lilinigusa. Mimi siuzi mashine za mvuke, na huyu binti sikumtuma akanunue. Ila uso wake nimeushughulikia tangu alipochumbiwa, na kwa hesabu za shangazi chochote kinachotoa mvuke kimetoka saluni kwangu.

Nikavuka na pantoni kwenda Kigamboni. Nilimkuta binti kaegemea ukuta kwenye chumba cha ndani, kanga begani, shavu la kushoto limepakwa dawa ya meno mpaka chini ya kidevu. Harusi ilikuwa imebakiza siku 11. Alikuwa ameletwa kwa shangazi siku tatu kabla, kuwekwa ndani kama desturi, asubiri somo wake, yule bibi wa kumfunda, aanze kazi ya singo na liwa, yaani kumsugua na kumpaka manukato ya bibi harusi. Stima ya uso alikuja nayo kwenye begi.

(Mashine hii ya kufukiza uso kwa mvuke, sisi wa saluni huku Dar tunaiita stima. Msomaji wa Mombasa au Nairobi asishtuke, kwao stima ni umeme wenyewe. Kwa kisa hiki, nitakuja kuonyesha, maana zote mbili zinafaa.)

Jambo la kwanza halikuhusu mashine. Niliiosha ile dawa ya meno na kumwinamisha binti chini ya bomba la bafuni, maji yatiririke shavuni, dakika 20 kwa saa ya simu. Shangazi aliona nyingi. Ni 20 kweli, na hayatakiwi maji ya barafu, ya bomba yanatosha. Ilikuwa imepita kama saa moja tangu aungue, muda ambao wengi hudhani umeshachelewa, kumbe kupoza sehemu iliyoungua kunasaidia hata ndani ya saa tatu. Dawa ya meno, ute wa yai, asali, unga, vyote hivyo nimeshavikuta kwenye nyuso za watu. Joto linabaki ndani, uchafu unabaki juu, na kesho yake muuguzi anaanza kazi ya kubandua.

Dawa ilipotoka ndipo nikaona vizuri. Shavuni kulikuwa na lengelenge moja la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Kidevuni alama mbili ndogo kama punje za kunde. Na mstari mwembamba ulioshuka shingoni, kama njia ya chozi. Katikati ya alama hizo ngozi ilikuwa salama kabisa. Nilimwambia lengelenge lisipasuliwe, nikalifunika na kitambaa safi kisichonata, na asubuhi akapelekwa zahanati, kwa sababu malengelenge ya usoni si ya kutibiwa na fundi wa urembo.

Alama zile ndizo zilizonipa shaka ya kwanza, ingawa usiku ule sikuzisoma sawasawa. Mvuke ukimuunguza mtu, ngozi huungua kwa kutandaa: paji, pua na mashavu hukolea rangi pamoja, na kwenye ngozi zetu huoni wekundu, unaona weusi unaong'aa na kuuma ukigusa. Binti huyu hakuwa hivyo. Yeye alikuwa na vitone vyenye mipaka na mchirizi mmoja. Alirukiwa na maji ya moto.

Sasa, maji yalirukaje kutoka kwenye chombo alichokitumia wiki tano bila tatizo?

Hapo kila mtu alikuwa na jibu lake. Shangazi alisema ni jicho. Harusi ina wageni wengi, uso wa binti umesifiwa mno, mtu kaupiga husuda. Kaka wa binti alisema mashine ni feki, Kariakoo yote imejaa feki, elfu 25 ungetegemea nini. Mama yake, kwa simu kutoka Ilala, alitaka kujua kama mtoto alitia majani ya mkaratusi ndani, maana wakati wa korona nyumba nzima ilikuwa inajifukiza nyungu na mkaratusi ulikuwa hautoki jikoni. Mimi nami nilikuwa na jibu, na nalisema hapa ili msidhani nilijua tangu mwanzo: nilidhani aliinamia karibu mno. Kila anayeungua na stima huwa ameinamia karibu mno. Nikamhubiria kidogo kuhusu umbali, akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Dada, nilikaa vilevile ninavyokaa nyumbani. Nyumbani inatoa mvuke kwa aibu. Hapa ilinguruma, halafu ikatema."

Maneno hayo nilivuka nayo pantoni kurudi. Nyumbani kwa aibu, hapa ikatema. Mashine moja, mtu mmoja, kikao kilekile. Kilichobadilika ni nyumba.

Kabla ya kuondoka nilikuwa nimemwomba shangazi mashine, akanipa kwa kuishika kwa ncha za vidole. Kesho yake nikaipeleka kwa fundi umeme wa mtaani kwetu, kijana mtulivu anayetengeneza pasi na blenda. Ni kile chombo cha plastiki ambacho wengi mnakijua: kikombe cha maji, mfuniko wenye tundu, na vikofia viwili vya kuvalisha juu, kimoja cha uso mzima na kimoja cha pua. Kwenye boksi imeandikwa kazi tatu kwa moja. Haina swichi. Ukichomeka inawaka, ukichomoa inazima.

Fundi alifungua skrubu mbili, akatazama ndani, akacheka. "Haina koili."

Nilikuwa nategemea koili, kama ya heta au birika. Hakuna. Kilichokuwepo ni vibati viwili vya chuma vimesimama ndani ya maji, vimeachana kama upana wa kidole, kila kimoja kimeungwa na waya wake wa umeme. "Dada, hapa maji ndiyo waya," akasema. Umeme unatoka bati hili unapita kwenye maji kwenda bati lile, na maji yanachemka kwa sababu ya umeme unaopita ndani yake. Chumvi ikiwa kidogo, umeme unapita kwa shida na maji yanachemka polepole. Chumvi ikiwa nyingi, umeme unapita kwa wingi. Na ukijaza maji mpaka juu, yanafunika sehemu kubwa zaidi ya vibati, umeme unazidi tena.

Ndipo nikakumbuka chumvi. Binti alishanieleza, na mimi nilikuwa nimeipuuza: ile karatasi ya maelezo inasema mvuke ukiwa kidogo utie chumvi kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Kwao Ilala wanatumia maji ya bomba, mvuke ukawa kidogo, kila akijifukiza akawa anatia chumvi. Mazoea yakajengeka. Kigamboni kwa shangazi wanatumia kisima, na kisima cha mtaa ule kina maji ya chumvi ambayo sabuni haitoi povu na chai ina ladha ya bahari. Binti akachota kwenye ndoo ya bafuni, akajaza kupita mstari kwa sababu anataka kikao kirefu cha bibi harusi, na akatia chumvi yake kama kawaida.

Tukaamua kujaribu. Nilikuwa na aina tatu za maji: dumu la kisima kutoka kwa shangazi, maji yetu ya bomba, na chupa ya maji ya betri niliyonunua sheli. Fundi akaweka mashine juu ya meza nje, akabana waya na mita yake ya kupimia umeme, akaniambia nisimame nyuma ya mlango.

Maji ya betri kwanza. Tulisubiri robo saa. Hakuna kitu. Mita haikusogea, maji yakabaki ya ubaridi, na kama ningekuwa mteja ningesema mashine imekufa. Maji ya betri yameondolewa chumvi karibu yote, kwa hiyo umeme hauna pa kupita. Mashine ni nzima.

Maji ya bomba yalianza kutoa mvuke baada ya dakika kama nne, mwepesi, wa kistaarabu. Mita ilisoma kati ya ampea moja na mbili. Huu ndio ule mvuke wa aibu.

Kisha kisima, pamoja na chumvi ya vidole viwili, na kujaza mpaka juu kama alivyojaza yeye. Haikufika dakika. Kwanza mlio, mngurumo wa chini unaopanda. Halafu povu jeupe ndani ya kikombe likapanda mpaka kwenye mfuniko, na kwenye lile tundu la juu yakaanza kuruka matone, si mvuke, matone mazima, yakitua mezani kwa sauti ya "ta, ta, ta". Moja lilifika karibu na mlango nilipokuwa. Mita ilipita ampea 5 na fundi akachomoa. Ampea 5 kwa umeme wetu wa volti 230 ni zaidi ya wati 1,100 ndani ya kikombe kisichofika nusu lita. Hilo ni birika la chai limewekwa chini ya kidevu cha mtu.

Nilimpigia shangazi nikamweleza. Akanyamaza, kisha akasema, "Na aliyemtia akilini aweke chumvi ni nani kama si jicho?" Kwa hilo sikuwa na jibu.

Kitu kimoja zaidi kilijitokeza, na ingawa hakikumuunguza mtu ndicho kilichonitisha kuliko vyote. Plagi ya mashine ina pini mbili. Soketi zetu ni za matundu matatu, na yale mawili ya chini yana vifuniko vinavyofunguka pini ya juu inapoingia. Kwa shangazi walikuwa wanachomeka kwa mtindo ambao nusu ya nchi inaujua: kalamu ya plastiki inasukumwa tundu la juu, vifuniko vinafunguka, pini mbili zinaingia, kalamu inachomolewa. Fundi aliposikia alikunja uso. Kwenye mashine ya koili, maji na umeme vimetenganishwa na ganda la chuma. Kwenye hii ya vibati maji yenyewe yana umeme. Ukifungua mfuniko kuongeza maji mashine ikiwa imechomekwa, au ukachovya kidole kuona kama yamepata moto, umeshika waya. Huwa watu wanafanya hivyo hasa, kwa sababu kila mtu ameshazoea kufungua birika. Na ile mashine haina waya wa ardhi, kwa hiyo usitegemee chochote kikuokoe.

Basi mtu akinijia leo akasema, dada nataka stima ya uso, nichukue ipi, swali la kwanza simuulizi ana bajeti gani. Namuuliza, kwenu mnatumia maji gani. Halafu namwambia dukani afungue kifuniko cha tangi achungulie. Akiona vibati viwili au vijiti viwili vilivyosimama wazi ndani ya maji, hiyo ni ya umeme kupita majini. Ni ya bei ya chini, inafanya kazi, lakini inahitaji maji ya bomba ya kawaida, yasizidi mstari, na chumvi isitiwe kamwe kabla ya kujaribu bila chumvi. Nyumba ya kisima cha chumvi isiinunue kabisa. Mimi mwenyewe singeinunua hata kwa maji ya bomba, kwa sababu ya lile jambo la mfuniko, hasa nyumba yenye watoto.

Aina ya pili ina koili iliyofichwa au sahani ya moto chini ya tangi, na tangi lenyewe mara nyingi linachomoka ukalijaze pembeni. Hizi ndizo zinazoandikwa "nano" kwenye boksi. Nyingi zina kidude kinachotetemeka kwa kasi kubwa na kuyapasua maji kuwa ukungu mwembamba, pamoja na koili ya kuupasha. Hilo la nano na la ayoni lisikupandishie bei, ngozi yako haitajua tofauti. Angalia badala yake kama ina kujizima maji yakiisha, kama mdomo wake unainama ili isikulazimu wewe uinamie, na kama inasimama imara. Stima nyepesi yenye mdomo mrefu inaanguka kwa kuvutwa waya tu, na maji ya tangi yanamwagikia mapajani.

Na soma kibandiko cha chini. Kiwe kimeandikwa volti 220 hadi 240. Tunaletewa zawadi na ndugu walioko Marekani, na kule umeme wa nyumbani ni volti 120. Koili ya volti 120 ukiichomeka kwenye 230 inavuta nguvu karibu mara nne ya iliyokusudiwa, na adapta ya pini haipunguzi volti, inabadilisha umbo la plagi tu. Nimeshaona moja imeyeyuka miguu.

Umeme wenyewe si gharama ya kuogopa. Stima ya koili ya wati 300 kwa dakika 10 inakula sehemu ya ishirini ya yuniti moja ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla.

Kwa koili tatizo la maji linageuka. Haichemki kwa vurugu kwa sababu ya chumvi, lakini chumvi na chokaa haviendi na mvuke, vinabaki. Ule ukoko mweupe ulio ndani ya birika lenu ndio unaojijenga juu ya koili na kwenye mdomo wa stima, mpaka tundu linakuwa nusu na mvuke unatoka kwa kurukaruka. Kutema kunarudi kwa mlango mwingine. Siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, iachwe nusu saa bila kuwasha, kisha tangi lisuuzwe mara mbili tatu, inaondoa ukoko. Mimi nafanya hivyo kila wiki mbili kwa stima ya saluni, na maji hayalali ndani ya tangi hata usiku mmoja. Ile ya kutetemesha inarusha hewani kila kilichomo majini, chokaa na vijidudu pamoja, na wewe umeiwekea pua.

Hapa kuna kosa moja ninalolisikia kila siku: "Mimi nayachemsha kwanza." Kuchemsha kunaua vijidudu. Chumvi hakuiondoi. Maji yakipungua kwa kuchemka, chumvi ni ileile ndani ya maji machache, kwa hiyo yamezidi kuwa makali. Ukitaka kujua maji yako yakoje, dondosha kijiko kimoja juu ya kioo safi, kiache juani kikauke. Maji ya kisima cha shangazi yaliacha duara jeupe la kukwangua kwa ukucha. Ya bomba yaliacha kivuli. Ya betri hayakuacha kitu.

Maji ya betri ni mazuri kwa stima ya koili, na lita moja unamaliza wiki kadhaa. Ila sheli hiyohiyo inauza na asidi ya betri, chupa zimepangwa pamoja, na muuzaji akisikia "maji ya betri" anaweza kukupa yoyote. Soma kibandiko, na chupa isiyo na kibandiko usiinunue. Kwa wanaokinga maji ya eya kondishen kwa ajili ya pasi, sawa kwa pasi, lakini yale yamepita kwenye vumbi na kutu, usiyapumue.

Narudi kwa binti. Kidonda chake kilikauka vizuri, siku ya saba lengelenge lilikuwa limelala na ngozi mpya ya waridi imeanza chini yake. Kisha likaja doa. Kwenye ngozi nyeusi jeraha la moto, hata dogo, mara nyingi huacha weusi unaokaa miezi, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku ya kwanza, kwa sababu siku nne kabla ya harusi mtu wa karibu alimletea kikopo kisicho na jina. Mkorogo, krimu ya kujichubua. Niliukuta mezani, mweupe, unanuka kama sabuni na dawa. Ndani ya vitu vile huwekwa haidrokwinoni, steroidi, hata zebaki, na vimepigwa marufuku nchini kwa sababu hiyo. Steroidi inaikondesha ngozi. Kuipaka juu ya kidonda cha moto ni kukirudisha kidonda nyuma. Tulibishana, nikiri, na sauti zilipanda. Mwishoni somo wake, bibi wa makamo ambaye hakuwa amesema neno siku zote zile, alikichukua kile kikopo akakitia kwenye mfuko wa takataka na kuendelea kuchambua mawaridi yake.

Tulichofanya badala yake ni kidogo: mafuta mepesi yasiyo na harufu mara mbili kwa siku, asitoke juani bila kujifunika, na krimu ya kukinga jua hata akikaa dirishani. Siku ya harusi doa lilifunikwa na vipodozi, na aliyelijua ni sisi watano.

Somo aliniuliza swali zuri, kama mvuke una maana yoyote kwa uso au ni biashara yetu. Nilimjibu kama ninavyoamini. Vinyweleo havifunguki na kufunga kama mlango, havina msuli wa kufanya hivyo. Joto linalainisha mafuta yaliyoganda na ngozi iliyokufa juu yake, damu inakuja karibu, uso unaonekana umenawiri kwa saa kadhaa. Chunusi nyeusi za puani zinatoka kwa urahisi zaidi. Basi. Asiyejifukiza hakosi kitu ambacho kunawa vizuri hakuwezi kumpa. Na mwenye chunusi zilizovimba na kuuma, mwenye ukurutu, mwenye madoa ya mashavuni yaliyoanza na ujauzito au na vidonge vya uzazi, huyo joto linamwongezea shida.

"Na singo?" akauliza. Singo yake ina karafuu, mawaridi, mlangilangi. Nikamwomba singo ibaki mwilini siku ile, na uso uliotoka kwenye mvuke usisuguliwe na kitu, kwa sababu ngozi imelainika na karafuu inawasha. Alikubali mara moja. Alisema bibi yake naye hakuwa anasugua uso siku ya nyungu, ila hakuwahi kumwambia kwa nini.

Kwa anayetaka kufanya nyumbani, ninachowafundisha wateja ni hiki. Nawa uso kwanza. Washa stima mdomo wake ukiwa umeelekea ukutani, iache dakika moja au mbili mpaka itulie, kwa sababu stima yoyote, hata ya bei kubwa, hutema matone ya kwanza. Ukisikia inaguguna, chomoa. Kisha kaa umbali wa shibiri moja na nusu, macho umefumba. Ule moshi mweupe unaouona si mvuke tena, ni matone madogo yaliyokwisha kupoa. Mvuke halisi hauonekani, uko pale karibu kabisa na mdomo ambapo unaona kama hakuna kitu, na ndiyo sehemu ya kuogopa. Mvuke unapogusa ngozi unageuka maji na kuachia joto lake lote kwa mpigo: gramu moja ya mvuke hutoa jouli kama 2,260 kwa kugeuka maji tu, wakati gramu moja ya maji yanayochemka ikipoa mpaka joto la mwili inatoa kama 264. Dakika tano hadi nane, mara moja kwa wiki. Usijifunike taulo juu ya stima ya umeme. Ukimaliza kausha kwa kubonyeza, paka mafuta uso ukiwa bado na unyevu, kwa sababu usipofanya hivyo mvuke utauacha uso mkavu kuliko ulivyoukuta.

Na hapa niseme kitu kitakachowaudhi wenye maduka: sufuria ya maji yaliyoepuliwa, imewekwa mezani, ikaachwa dakika tatu, na taulo kichwani, inafanya kazi hiyo yote. Hatari yake ni kumwagika, kwa hiyo iwe mezani, isiwe mapajani wala kitandani, na mtoto asiwepo.

Mashine fundi aliniuliza afanye nayo nini. Nilimwambia akate waya.

Binti alinitembelea miezi mitatu baadaye, sasa mke wa mtu, doa limebaki kivuli tu cha kuonekana akigeukia dirisha. Nilimuuliza hali ya shangazi. Akasema shangazi bado anasema ni jicho, na kila mgeni anasimuliwa hivyo. Lakini kila Ijumaa anamtuma kijana na bodaboda mpaka kwa ndugu yake mwenye maji ya bomba, na dumu hilo halichotwi na mtu mwingine. Ameliandika kwa rangi nyekundu ubavuni, herufi kubwa: USO.